Nilivyomfundisha Mama Mambo ya Babeli

Mimi ni mwalimu wa historia, na ugonjwa wangu ni kufundisha. Darasani nafundisha, sawa, kwa hilo nalipwa. Lakini nafundisha pia kwa kinyozi, msibani, kwenye foleni ya benki, na kwa fundi viatu wa pale stendi ambaye siku hizi akiniona natokea anajifanya anaongea na simu. Mke wangu anasema nikifa nizikwe kifudifudi, maana nikilazwa chali nitaanza kuwaeleza malaika jambo. Zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo. Siku hizi sicheki sana, kwa sababu ni mdomo huu huu ulionitoa kwenye kihamba cha baba yangu, shamba la ukoo kule Machame, na hakuna mtu aliyenisukuma. Nilijipalia makaa mwenyewe, tena nikakaa nikayapuliza.

Mambo yalianza na boksi la vitabu. Shule yetu hapa Moshi mjini ilipewa msaada na wageni waliopanda mlima, wakateremka na miguu iliyovimba na huruma nyingi. Nilipotoka darasani, walimu wenzangu walishalichambua boksi lote. Wa hisabati kachukua chake, wa Kiingereza kakumbatia rundo, hata mlinzi kaondoka na kamusi. Kilichobaki ni kitabu kimoja kinene, jalada limeliwa na panya, kinachoeleza vibao vya udongo vya Babeli ya kale. Nilikibeba kwa hasira. Nikasema basi, angalau kitazuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo.

Nikakifungua nikisubiri chai ipoe, na chai ikapoa mpaka ikaota utando. Jamani! Maisha yangu yote nilidhani watu wa kale waliandika habari za wafalme na vita tu, kama tunavyowakaririsha watoto. Kumbe wapi! Wale watu waliandika mambo ya shambani na jikoni. Huyu amekodi ng'ombe wa kulimia, na ng'ombe akivunjika pembe ijulikane nani wa kulaumiwa. Yule amefanya kazi, amepewa shayiri, mafuta na sufu, huo ndio mshahara wake. Mwingine amekasirika kwa sababu shaba aliyoletewa ni mbovu na mjumbe wake amejibiwa ovyo. Wengine wanagombania mfereji wa maji, nani afungue na nani afunge, jambo ambalo kwetu Machame limewahi kuwanunisha watu waliobatizwa siku moja.

Na yote hayo waliyachapa kwenye udongo mbichi kwa ncha ya tete, alama ndogo ndogo kama nyayo za kuku, ndio huo mwandiko wa kikabari. Mapatano yakiisha wanatajwa mashahidi. Mwenye muhuri anaubonyeza pale kwenye udongo. Asiye na muhuri anabonyeza ukucha wake, au pindo la nguo aliyovaa. Pindo la nguo! Nilipofika hapo nilipiga meza kwa furaha, chai ikamwagikia madaftari ya kidato cha pili.

Basi kichwa kikavimba. Nikajiambia kwamba wilaya nzima hii hakuna mwingine anayejua haya, na pengine nilikuwa sahihi, kwa kuwa hakuna aliyeyahitaji. Nikaanza kutengeneza vibao vyangu mwenyewe. Udongo niliuchota kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia kule juu, nikaushusha mjini kwa pikipiki ndani ya ndoo. Tete sikupata, nikatumia vijiti vya mishkaki, na ili nipate vijiti ikabidi nile mishkaki. Mke wangu akasema hiyo ndiyo historia ya kwanza anayoiona inanenepesha mtu.

Kibao cha kwanza nilikianika dirishani, paka akakikanyaga, na nasema kweli, alama za paka zilifanana na kikabari kuliko zangu. Cha pili nilikitia kwenye oveni ya mke wangu bila kumuuliza. Kililipuka. Vipande tulivikuta ndani ya keki ya kipaimara aliyokuwa ameokewa mtoto wa jirani, na kwa siku kadhaa nilikuwa nalishwa bila kusemeshwa. Shuleni wakaanza kuniita Tofali. Nilijifanya sisikii, ila moyoni nilifurahi kwamba walau somo limewaingia.

Sasa ili uelewe nilivyoumbuka, inabidi nikueleze habari za nyumbani kwetu. Kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hutengewa shamba lake na baba. Kaka yangu mkubwa alishapata lake zamani, akalipanda miti, akahamia Dar. Mtoto wa kiume wa mwisho yeye habanduki. Anakaa na wazazi, anawatunza, na wakiondoka nyumba ni yake, pamoja na kihamba chote: migomba, kahawa, zizi, na makaburi yaliyomo. Watoto wa kike huolewa, wakaenda kwa watu. Na wa mwisho ni mimi. Ile nyumba nilizaliwa nayo kama nilivyozaliwa na masikio, sikumbuki hata siku moja niliyowahi kujiuliza ni ya nani.

Kasoro ilikuwa moja. Anayetakiwa asibanduke nilikuwa nimebanduka kitambo. Nilipanga nyumba mjini kwa sababu ya kazi, ndivyo nilivyokuwa nasema, ingawa kutoka kwetu hadi shuleni kwa pikipiki ni mwendo ambao vijana wa bodaboda wanaufanya mara nyingi kwa siku huku wanapiga mluzi. Nyumbani nilikuwa napanda Jumamosi. Nakula, nasinzia kwenye kiti cha baba, naamka, nakunywa maziwa, kisha nateremka na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki, maparachichi begani na dumu la maziwa katikati ya miguu. Wale Wababeli walikuwa na neno la kusema juu ya mtoto anayempa mama yake shayiri. Kwa upande wangu shayiri ilikuwa inateremka, tena kila wiki, na mimi nikaona ndiyo mapenzi ya mama.

Aliyekuwa anakaa na mama ni dada yangu, yule ninayemfuata kuzaliwa. Aliolewa Arusha, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani wakati mwanangu wa kwanza ananyonya. Huyo mtoto sasa ana ndevu. Miaka yote hiyo dada ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, akakamua, akapogoa migomba, akachuma kahawa, na tangu nyonga ya mama ilipoanza kumsumbua, ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani. Kwa desturi yetu alikuwa anakaa pale kama mgeni wa mama. Mama akifumba macho angekuwa mgeni wangu, na nikitaka aondoke angeondoka, hakuna mzee wa ukoo ambaye angenishika mkono.

Na mimi, nisamehewe, nilikuwa na mipango. Nilitaka kujenga vibanda vya wageni wa mlimani. Waamke, wafungue dirisha, kilele cha Kibo kile pale kama mawingu yamekubali, washuke waonyeshwe kahawa inavyokobolewa, walipe, waondoke. Nilichora ramani yote. Bafu hapa, geti pale. Mke wangu aliitazama akaweka kidole kwenye chumba cha dada, ambacho nilikuwa nimekiandika stoo.

"Na wifi atakaa wapi?" akauliza.

"Tutaona," nikamjibu. Nikaendelea kuchora geti.

Jumamosi moja nilimkuta mama barazani, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda, anamenya ndizi za kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage. Dada alikuwa bombani hatua chache tu kutoka pale, anaosha madumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjini hawajambo?"

Hawajambo, nikasema, na kabla sijakaa nikaanza somo. Kwa kawaida nikianza somo mama husinzia. Ni usingizi wa heshima, hakoromi, na huamka nikifika mwisho akasema ahaa. Siku hiyo hakusinzia.

"Babeli?" akasema. "Si ndiko walikopelekwa utumwani watu wa Mungu?"

"Huko huko mama. Ila mimi nasema habari za zamani zaidi, za watu wa kawaida."

"Walikuwa na ndizi?"

"Hapana. Shayiri na tende."

"Maskini," akasema mama, kwa huruma ya kweli kabisa.

Akamenya ndizi nyingine. Halafu akauliza swali lililonifanya nivute kiti karibu. "Na mama mzee aliyebaki peke yake, alikuwa analishwa na nani?"

Weee! Kwa mwalimu, swali kama hilo ni kama mvua ya kwanza. Nikamweleza yote. Kwamba kulikuwa na vibao ambavyo mama wa namna hiyo anamchukua mtu, anamfanya mtoto wake. Huyo mtoto ataleta shayiri, mafuta na sufu kila mwaka, na mama atakula na kuvaa mpaka siku yake. Akishaondoka, nyumba na shamba ni vya yule mtoto.

"Na asipoleta?"

"Anapoteza. Kibao kinasema wazi. Asipomtunza mama, nyumba haipati."

"Hata kama ndiye aliyezaliwa humo?"

"Kibao hakiangalii sura, mama," nikasema kwa majivuno, kana kwamba nilikiandika mimi.

Bombani maji yalikuwa yanamwagika juu ya dumu lililojaa, na dada hakuyafunga.

"Na binti?" mama akauliza. "Binti alikuwa hapewi?"

Hapa ndipo ningeweza kusema sijui, nikanywa maziwa yangu, nikashuka zangu na mkungu. Lakini mimi! Nikasimama kabisa. Nikamwambia mara nyingi hapewi, wa kiume ndio wanaotangulia, ila katika miji mingine ya huko mbali kidogo kulikuwa na baba aliyekuwa akiona vema, anaandika kwenye kibao kwamba huyu binti yangu namfanya kuwa mwana wa kiume. Basi. Kuanzia hapo anarithi kama wa kiume, na hata ibada za wazee wa ukoo anazishika yeye.

"Anaandika tu?"

"Mbele ya mashahidi."

"Mashahidi wa namna gani?"

"Majirani, mama. Ndugu. Watu wazima wanaoheshimika."

Akataka nirudie. Nikarudia. Nikatoa hata donge la udongo mfukoni, maana siku hizo nilikuwa natembea nalo, nikalipigapiga likawa bapa, nikashika pindo la khanga yake nikalibonyeza pale kumwonyesha mtu asiye na muhuri alivyokuwa anafanya. Mama akacheka mpaka akashika nyonga. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mzuri kama yule. Nikashuka Moshi nikiimba juu ya pikipiki, na dumu la maziwa linaitikia.

"Mama kumbe ana akili ya historia," nikamwambia mke wangu.

"Kwani amekuuliza nini?"

Nikamweleza swali moja baada ya jingine, na majibu yangu, bila kuacha hata moja. Akaweka mwiko chini.

"Na wewe ukamjibu yote hayo?"

"Vizuri mno."

"Baba watoto," akasema, "hivi wewe wakati unasoma ulikuwa unafaulu?" Kisha akarudi kwenye sufuria yake, na mimi nikadhani bado ana kinyongo cha keki.

Haikupita muda baba mdogo akanipigia simu. Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba, na tangu baba atangulie yeye ndiye mwenye sauti kwenye ukoo. Akasema mama ameomba kikao, Jumamosi, nisikose, ni habari za nyumba. Nikaelewa mara moja. Yaani nilidhani nimeelewa. Mama amezeeka, anataka kunikabidhi rasmi mbele ya wazee. Nikanunua shati jipya. Nikanunua nyama na sukari, jambo lililomshangaza muuza nyama aliyenizoea kama mtu wa kilo ya utumbo. Usiku ule niliandaa hotuba ya shukrani, na ndani yake, Mungu wangu, niliweka kipengele cha Babeli.

Siku ya kikao wazee walikuwa wamekaa barazani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo kwa wanaokunywa, na chai kwa wanaokunywa mbege ila wameketi pembeni ya mzee wa kanisa. Shikamoo zikapita, baba mdogo akaomba sala ndefu, kisha akampa mama nafasi. Dada hakukaa na sisi. Alisimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe.

Mama hakuzunguka. "Nimewaita kwa jambo moja," akasema. "Nimezeeka. Nikiondoka, nataka nyumba hii na kihamba vibaki kwa huyu binti yangu. Ndiye anayenilisha."

Ikawa kama umerusha jiwe bandani kwa kuku. Kila mzee alisema lake. Mimi lile shati jipya likaanza kunikaba shingoni.

"Shemeji," baba mdogo akasema walipotulia, "sote tunaona kazi ya huyu mtoto. Lakini kihamba hakiendi kwa wa kike. Tangu lini?"

"Si wa kike tena," akajibu mama. "Namwandika wa kiume. Nyie ndio mashahidi."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akapaliwa na mbege. Mama akasubiri wamalize, kama anavyosubiri maziwa yachemke.

"Nani kakufundisha hayo, shemeji?"

"Mwalimu huyo hapo. Muulizeni. Amesomea."

Wote wakageuka. Baba mdogo akajisogeza, akaniangalia kwa upole wa mtu anayekutupia kamba ushike. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye wa mwisho. Usipokubali wewe hakuna kinachofanyika hapa, na mama yako anajua hivyo. Sasa tuambie. Hayo mambo ya Babeli ni ya kweli, au ni hadithi za kumchangamsha mzee?"

Kamba ilikuwa pale, nyeupe, inaning'inia. Ningeweza kusema ni hadithi. Ningeweza kusema walikuwa wapagani, mzee wa kanisa angeitikia amina na kikao kingefungwa. Ningeweza hata kusema ukweli nusu, kwamba yalitokea kwa nadra na mbali na Babeli yenyewe. Na nilitaka kusema hivyo. Nilimkasirikia mama, tena sana. Nilimwona kama mtu aliyenichekea usoni huku ananichomolea pochi, na kwa udongo wangu mwenyewe. Nikaviona vile vibanda vyangu na geti lake vikiyeyuka kimoja kimoja. Nikafungua mdomo.

Ndipo nikasikia vikombe. Dada alikuwa bado mlangoni, hanitazami mimi wala mama, anaangalia chini, na lile sinia lilikuwa linatetemeka mikononi mwake mpaka vikombe vinagongana. Hakuna mwingine aliyesikia, au walisikia wakaona haya. Nikawaza kwamba huyu mtu mzima, mwenye mvi nyingi kuliko mimi, anangoja aambiwe kama atakuwa na mahali pa kulala. Anaambiwa na mimi, ambaye alinibeba mgongoni.

"Ni kweli," nikasema.

Ningeishia hapo ningebaki na heshima kidogo. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Nikaendelea. Nikawaeleza vibao, tete, mashahidi, ukucha, pindo la nguo. Nikawaambia kuna mji na mji, desturi hazifanani. Nilimwaga somo lote, mikono inapepea, na wazee wakanisikiliza vizuri kuliko kidato chochote nilichowahi kushika. Nilipopumua, baba mdogo akainua kidole kama mwanafunzi.

"Na yule mtoto wa kiume wa mwisho," akauliza, "huko kwao alipata nini?"

"Ilitegemea, baba."

"Ilitegemea nini?"

"Kama alimlisha mama yake."

Kuku alipita katikati yetu bila kufukuzwa. Mwishowe yule mzee aliyepaliwa, ambaye nyumba yake iko njiani pale chini, akajifuta ndevu akasema, "Mimi huwa namwona akishuka na ndizi. Akipanda na kitu, labda leo."

Walicheka, jamani, walicheka! Mzee wa kanisa alicheka akajificha kwenye kofia. Mama alicheka. Na mimi nikajikuta nacheka, uso unawaka, machozi yananitoka, sijui ya nini. Nikasema nakubali. Mtu asije akanisifu kwa hilo. Sikukubali kwa wema, nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshajibu mtihani na majibu yalikuwa yangu.

Wakaandika, siyo kwenye udongo, kwenye karatasi, ili ipelekwe ofisi ya kijiji wiki inayofuata. Baba mdogo akamwita dada, akakata jani la isale pale mpakani akampa mkononi mbele ya wote. Kwetu isale ndilo linalopandwa kwenye mipaka ya mashamba, na likishatolewa hivyo maneno yameisha. Dada alilipokea kwa mikono miwili. Akarudi jikoni, na muda si muda tukaletewa nyama yangu, imepikwa na ndizi vizuri sana, nikala nikiwa na hasira na njaa kwa pamoja.

Jioni wazee walipotawanyika niliingia ndani kuchukua kofia yangu ya pikipiki. Nilikuwa bado nimenuna. Nilikuwa nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyomweleza mke wangu ili nionekane mtu mkarimu. Mlango wa chumba cha dada ulikuwa wazi. Juu ya kitanda kulikuwa na sanduku, lile kubwa la kijani alilokuja nalo kutoka Arusha, kifuniko kimefunguliwa. Ndani kulikuwa na magauni yake, sweta, kitenge cha kanisani, cheti cha ubatizo ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vimefungwa kwenye gazeti. Vyote vimekunjwa na kupangwa kama vya mtu anayeondoka alfajiri. Nikashtuka. Nikadhani tumemuudhi, labda kile kicheko, labda amekataa.

"Dada," nikasema, "unasafiri?"

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya kawaida, ile ile ya kuniuliza kama nimekula.

"Hapana," akasema. "Ndiyo kwanza natoa nguo."

Nikabaki pale mlangoni. Chumba hicho nilikuwa nakipita kila Jumamosi kwenda kusinzia, na nilikuwa nimekipima kwa futi kamba kwa ajili ya ramani yangu. Sikuwahi kuona kwamba hakina kabati, na kwamba ukutani, tangu mwanangu ananyonya mpaka ameota ndevu, hakuna msumari hata mmoja wa kutundikia gauni. Hakutaka kutoboa ukuta wa mtu.

Nikaweka kofia chini, nikaenda kutafuta nyundo.